Mtoto alale chali au ubavu? Darasani nilifundishwa hivi, wodini naona vile

Nesi_Fildi, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo.

Niko mwaka wa mwisho wa diploma ya uuguzi na ukunga. Fildi nafanyia hospitali moja huku mkoani Tanga, jina naliacha. Hii ni wiki ya tatu niko wodi ya wazazi. Darasani tuliandika kwa wino mwekundu: mtoto alazwe chali, kila anapolala, usiku na mchana, kumkinga na kifo cha ghafla usingizini. Nafika wodini nakuta watoto wote ubavu, kila mmoja kaegemezewa kanga iliyoviringishwa mgongoni kama tuta la kuzuia maji. Nikamuuliza sista wa zamu. Akanijibu huku anaandika faili, "Akicheua akiwa chali anapaliwa. Wewe umezaa?" Sijazaa. Nikanyamaza.

Juzi usiku nikajitia ujasiri, nikamgeuza mtoto wa kitanda cha 6 chali, mama yake nikampa maelezo, akaitikia vizuri tu. Nimekwenda kupima presha vitanda viwili, narudi, bibi yake keshamrudisha ubavu, na kofia ya sufu kamwongezea. Tanga hii, mwezi wa pili! Mimi mwenyewe jasho linanitiririka mgongoni.

Kinachonikosesha raha ni kingine. Mwaka jana mtaani kwetu kuna dada alifiwa na mtoto wa miezi mitatu. Alimnyonyesha saa tisa usiku, akalala naye mzima, alfajiri akamkuta wa baridi. Matanga hayajaondolewa watu wakaanza: amemlalia. Mpaka leo akienda bombani wanawake wananyamaza. Na mimi ndiye "nesi" wa mtaa, sikujua la kumwambia yeye wala wao.

Naombeni msaada. Kazi ya nesi kwenye hivi vifo vya ghafla vya wachanga ni ipi hasa? Kitabuni ni mstari mmoja, "muuguzi amwelimishe mama". Amwelimishe vipi, kitanda kimoja wazazi wawili, na bibi kakusimamia kichwani?

BabaPacha_Msa

Mimi si nesi, ni baba tu, lakini niruhusuni niulize. Mamangu alitulaza tumbo sote saba na sote tuko. Wanangu pacha nao, ukiwalaza chali walikuwa wakishtuka, mikono juu, kilio nyumba nzima. Ukiwageuza kifudifudi, kimya mpaka asubuhi. Sasa hii habari ya chali si ya wazungu na vile vitanda vyao vya kizimba?

Halafu jambo jingine. Kliniki tulikwenda hatukukosa hata siku moja, kitabu cha mama na mtoto ninacho hadi leo. Walipima uzito, wakadunga, wakasema rudini wiki ya kumi, rudini ya kumi na nne. Mtoto analala wapi, analala vipi, hakuna aliyetuuliza. Kama ni jambo kubwa hivyo, mbona halikutajwa?

MamaRehema_Bristol

Marahaba mwanangu wa fildi. Baba Pacha, hilo la mwisho ulilosema ni kweli na linauma, nitalirudia.

Kwanza sista wako usimchukie. Mimi nilikuwa yeye. Nilimaliza chuo 1989, nikakaa wodi ya wazazi huko nyumbani miaka 12 kabla sijaja Uingereza, na hiyo kanga ya mgongoni nimeiviringisha kwa mikono yangu hii mpaka leo naweza kuiviringisha nimefumba macho. Nilifundishwa hivyo na walionifundisha walifundishwa hivyo.

Nilipofika huku nikasoma tena ili niwe nesi wa kuzunguka majumbani, yule anayempokea mtoto kutoka kwa mkunga akiwa na siku kumi hivi na kumfuata mpaka aanze shule. Siku ya somo la usingizi nikanyoosha mkono na swali lile lile la sista wako: akipaliwa je? Mwalimu hakunijibu. Akatoa mirija miwili ya soda mfukoni, akaishika pamoja. Huu wa mbele ni wa hewa, huu wa nyuma ni wa chakula. Akailaza kama mtoto aliye chali: wa hewa ukawa juu, wa chakula chini. Maziwa yakirudi kutoka tumboni yanabaki kwenye mrija wa chini, na ili yaingie kwenye hewa lazima yapande mlima. Mtoto anayameza tena, au yanamtoka pembeni mwa mdomo. Kisha akaigeuza kifudifudi. Sasa wa chakula uko juu, na maziwa yanashuka yenyewe kwenye njia ya hewa. Miaka 12 nilikuwa nawaambia wazazi kinyume chake! Na nchi zilizohamia chali hazikuona vifo vya kupaliwa vikiongezeka, hilo lilifuatiliwa kwa makini sana, maana hofu ilikuwa ni hiyo hiyo.

Ubavu nao ni kama kusimamisha yai. Mtoto akijinyoosha kidogo anaangukia tumbo, na kanga ikisogea inakwenda usoni.

Baba Pacha, umesema kifudifudi walikuwa kimya mpaka asubuhi. Hicho kimya ndicho kinachotutisha. Mtoto wa kifudifudi analala fofofo na haamki upesi, uso uko kwenye godoro, hewa aliyoitoa anaivuta tena. Mtoto wa kawaida hewa ikimpungukia anashtuka, anageuza kichwa, analia. Wapo ambao sehemu ya ubongo inayotakiwa kuwaamsha bado haijakomaa, na kwa macho huwezi kumjua nani ni nani. Hatari ni kubwa zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na vifo vingi hutokea kabla ya miezi sita. Nafurahi ninyi saba mko, na pacha wako. Wengi hupona. Tatizo ni wale ambao hawakupona, ndugu zao hawaji humu kusimulia.

Na usidhani kulaza tumbo ni mila ya wazee. Huku Ulaya na Marekani ilienezwa na hospitali. Katikati ya karne iliyopita madaktari na manesi walianza kushauri kifudifudi, wakihofia kupaliwa, na watoto njiti wodini walikuwa wakipumua vizuri zaidi hivyo. Mama akaona nesi anavyofanya, akaenda kufanya nyumbani. Mwaka 2005 watafiti walirudi nyuma wakapiga hesabu: ushahidi wa kuwa tumbo ni hatari ulikuwapo tangu 1970. Wakakadiria kwamba kama ungefuatwa wakati ule wangepona watoto zaidi ya 10,000 Uingereza peke yake, na si chini ya 50,000 ukijumlisha Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Hao mama zao hawakuzembea, walifanya walichoona kwa mtu mwenye sare.

Mji huu ninaoishi ndio mmoja wa miji iliyofumbua fumbo hilo. Daktari wa watoto Peter Fleming na wenzake walilinganisha familia zilizofiwa na familia zenye watoto wa umri ule ule, wakatoa matokeo mwaka 1990: aliyelazwa kifudifudi alikuwa hatarini karibu mara 9, na waliofunikwa manguo mengi nao walikuwa hatarini zaidi. Mwaka uliofuata mtangazaji wa televisheni, Anne Diamond, akafiwa na mwanawe Sebastian. Akasafiri hadi New Zealand ambako ushauri ulikuwa umeshabadilishwa, akarudi akaibana serikali, na Desemba 1991 kampeni ikaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wakifa zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Siku hizi hawafiki 300. Hakuna dawa iliyogunduliwa hapo katikati. Manesi walikwenda mlango kwa mlango wakasema kinyume cha walichokuwa wakisema jana yake, na baadhi yao walilia kwa walichokuwa wamefundisha zamani.

Sasa namna ya kuelimisha. Mimi nikienda nyumba ya mzazi siulizi "mtoto analala chali?" Nikiuliza hivyo wote wanaitikia ndiyo. Nasema, "Nionyeshe anapolala." Mchana wapi, usiku wapi, na jana usiku alipokataa kulala ulifanyaje. Hapo ndipo unaona mambo. Nyumba moja nilikuta kitanda cha mtoto kizuri, kimejaa midoli, mto wenye maua, blanketi la zawadi, na mtoto mwenyewe analala kwenye kochi katikati ya matakia, bibi yake pembeni anatazama tamthilia. Bibi alikuwa Msomali aliyewahi kuishi Mombasa, tukashikana kwa Kiswahili. Nilijua mama pale hana sauti. Nikamwomba bibi anisaidie kutoa vitu kitandani, kimoja kimoja, na kila kimoja tunakisemea. Mto akautoa mwenyewe. Blanketi alilishika muda, kwa sababu lilitoka kwa dada yake. Tukakubaliana litundikwe ukutani. Nilipopita wiki iliyofuata yeye ndiye aliyenifungulia mlango na kuniambia, "Njoo uangalie, hakuna kitu humo." Kwa hiyo mwanangu, bibi wa kitanda cha 6 usimfundishe mama yake kwa siri ukidhani utamkwepa. Mfundishe yeye, kisha mpe zamu ya ulinzi.

Na mwombe sista wako ruhusa, umwonyeshe mirija kabla hujaonyesha wazazi. Ukimpita ukamgeuza mtoto bila yeye kujua, wodi itageuka uwanja wa mashindano.

NesiNjiti_Mwanza

Naunga mkono Mama Rehema, naongeza la wodi yetu kwa sababu huko ndiko tunakoharibu bila kujua.

Njiti wetu tunawalaza kifudifudi kweli, mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi na mtoto yuko kwenye mashine ya kupima oksijeni, nesi yuko hatua tatu. Mama anakaa wodini wiki nne, tano, anaona hivyo kila siku. Siku ya ruhusa tunamwambia "nyumbani mlaze chali." Atanisikiliza mimi au macho yake ya wiki tano? Miongozo ya Marekani inataka njiti aliyetulia azoeshwe chali kuanzia umri wa wiki 32 za mimba, yaani akiwa bado mikononi mwetu. Na njiti ndio hasa wenye hatari kubwa, hao na waliozaliwa na uzito mdogo. Mimi sasa mama anapohamia kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, namwambia siku hiyo hiyo: pale ilikuwa mashine, hapa ni kifua chako, ukichoka unamweka chali. Kofia, njiti anaihitaji. Wa kilo tatu aliyezaliwa kwa wakati, ndani ya nyumba yenye joto, haihitaji. Gusa kifua au shingo kwa nyuma, usiguse mikono, mikono ya mtoto hupoa hata akiwa na joto.

Na leba jamani. Mtoto kuwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa ni jambo jema sana. Lakini mama kachoka, anasinzia, sisi tuko bize na kondo na kushona. Kuna watoto wazima kabisa huzimika pale pale kifuani saa mbili za kwanza. Anayeshona ashone, lakini mtu mmoja awe anaangalia: pua inaonekana? Shingo imenyooka? Rangi ikoje? Tuliwahi kumwahi mmoja hivyo, alikuwa amejikunja kidevu kifuani, kimya, midomo imeanza kubadilika. Tulimnyoosha akalia. Mama yake mpaka leo hajui.

Mswahili_wa_Ngamiani

Mnasema ya mirija tu. Mtoto ana vitu vyake vingi. Sisi tunamfunga uzi na hirizi, na kisu kidogo chini ya mto, na hajawahi kufa mtu kwetu.

MamaRehema_Bristol

Ndugu yangu wa Ngamiani, sikugombezi. Imani yako ni yako. Ila uzi wa shingoni ukimbana usingizini hakuna hirizi itakayouregeza, uhamishie kiunoni au uvuliwe anapolala. Kisu kitoke, na mto wenyewe utoke, mchanga hahitaji mto. Kisomo msomee.

Nesi_Fildi, Tanga

Asanteni sana, nimesoma mara tatu. Mama Rehema, mirija nimeelewa. Lakini kitanda? Huko kwenu kila mtoto ana chake. Hapa mama anarudi kwenye chumba kimoja, kitanda cha nne kwa sita, neti moja, baba, yeye, mtoto, na pengine wa miaka mitatu. Nimwambie asilale na mtoto, alale naye wapi? Chini kuna mbu.

Na yule dada wa mtaani?

MamaRehema_Bristol

Ukimwambia asilale naye atakuitikia, atakwenda kulala naye, na hatakuuliza tena. Hata huku tulipiga marufuku ya jumla na akina mama wakaanza kutuficha, wengine wakakimbilia kunyonyesha kwenye kochi usiku ili wasisinzie kitandani. Wakasinzia kwenye kochi, na hapo ni pabaya kuliko kitandani, mtoto anadidimia kati ya mama na mgongo wa kochi.

Bora kabisa ni mtoto awe chumba kimoja na mama, lakini juu ya sehemu yake mwenyewe, tambarare na ngumu kidogo. Wamaori wa New Zealand walikuwa wanapoteza watoto wengi hata baada ya kampeni, na kulala pamoja kwao ni sehemu ya malezi, hawakuwa tayari kuacha. Wakatengeneza kikapu cha kusuka kwa majani, wanakiita wahakura, mtoto analala ndani yake juu ya kitanda kile kile cha wazazi. Mama anamfikia kwa mkono, na hakuna anayemgeukia juu. Mimi kila nikikiona nawaza ukili wetu. Pwani yote hiyo ina wasukaji wa mikeka na makanda, kinachotakiwa ni kikapu kipana chenye kitako bapa na ukingo mfupi, kiingie ndani ya neti.

Asipokuwa nacho, basi mtoto akae upande wa mama, asiwe katikati ya mama na baba, asiwe karibu na mtoto mkubwa. Mito iwe mbali naye, blanketi zito lisimfikie, na ile nafasi kati ya godoro na ukuta ambamo mtoto hutumbukia izibwe au kitanda kisogezwe. Halafu yapo ya kukataza bila kuona haya. Baba aliyekunywa, au mama aliyekunywa, halali na mtoto usiku huo. Anayevuta sigara vile vile. Njiti na mwenye uzito mdogo, hapana. Na jiko la mkaa lisilale ndani hata kama mvua inanyesha. Hicho ni kifo cha aina nyingine, cha moshi usioonekana, lakini kinachukua nyumba nzima na mtoto kwanza.

Baba Pacha, hapa nalirudia lako. Ungeulizwa lini? Wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, mtoto anapoletwa chanjo. Hesabu mwenyewe, ndicho kipindi hasa hatari inapanda kufikia kilele, na nesi anamshika mtoto mkononi. Foleni ni ndefu, najua, nimekaa kwenye hiyo meza. Lakini "jana usiku alilala wapi?" ni maneno manne, unayasema huku unavuta dawa kwenye sindano. Na mtu akianza kuwaambia kuwa chanjo ndiyo iliyoua, kwa sababu mtoto alichanjwa juzi akafa leo, mwambieni hilo limechunguzwa sana: chanjo haisababishi vifo hivi, na kwa waliochanjwa vifo hivi ni vichache zaidi. Maziwa ya mama nayo yanakinga.

Yule dada. Mwanangu, nenda. Usiende na somo la chali, somo hilo kwake sasa ni kisu.

Jina hili la kifo cha ghafla huku halitolewi mpaka mwili uchunguzwe, mahali alipolala paangaliwe, na historia yake isomwe, na bado mara nyingi sababu haionekani. Kwetu mtoto anazikwa siku ile ile. Kwa hiyo hakuna mtu mtaani kwenu anayejua kwamba amemlalia. Wanasema tu. Huenda waliona mabaka mekundu au ya zambarau upande mmoja wa mwili, au povu puani, wakadhani ni alama za kubanwa. Damu hutua upande wa chini wa mwili baada ya moyo kusimama, na povu hutokea hata kwa mtoto aliyekuwa peke yake. Hilo nesi anaweza kulisema kwa sauti pale bombani, na wewe ndiye wa kulisema.

Kwake yeye, mwulize mtoto alikuwaje. Alikuwa ameanza kucheka? Kuna mama mmoja huku nilikaa naye saa nzima ananionyesha soksi. Halafu akishika mimba nyingine, uwepo. Huku tunao mpango wa miaka mingi kwa ajili ya hao tu, mtoto anayefuata nesi anamtembelea mara kwa mara nyumbani, kwa kuwa mama huyo halali. Anaamka kila dakika kumi kuweka mkono puani kwa mtoto. Hamna mpango kama huo hapo, lakini wewe unakaa mtaa wa pili.

BabaPacha_Msa

Nimesoma yote. Wangu wana miaka minne sasa, wamepita. Shemeji yangu amejifungua wiki mbili zilizopita, naenda huko Jumamosi. Hilo la kochi sikuwa nalijua kabisa, na ndipo anaponyonyeshea.

Nesi_Fildi, Tanga

Nimetoka zamu asubuhi hii, naandika kabla sijalala.

Mirija nilinunua miwili, wa bluu na mwekundu. Saa nne usiku wodi ilipotulia nikamwendea sista, nikamwambia kuna kitu nimeonyeshwa, anisahihishe kama nimekosea. Akaitazama. Akaigeuza yeye mwenyewe, chali, kifudifudi, chali. Akasema, "Hm." Akarudi kwenye mafaili.

Bibi wa kitanda cha 6 nilimfuata na maji ya moto ya chai kwanza. Yeye hakutaka mirija. Aliniuliza kama mtoto akilala chali kisogo hakitakuwa bapa. Nikamwambia kitakuwa kidogo, kitarudi, na mchana akiwa macho amlaze tumbo juu ya mapaja yake acheze naye, shingo ikomae. Kucheza tumbo akiwa macho, kulala chali. Akarudia mara mbili. Kofia aliivua mwenyewe, akasema kweli mtoto ana vipele vya joto.

Saa kumi alfajiri nikapita. Mtoto chali, mama kalala, bibi yuko macho, kiti kakisogeza kitandani. Kanga iko imekunjwa juu ya kabati.

Kwa yule dada nitakwenda Jumapili baada ya kufua.

Wakati wa kukabidhiana zamu sista alisoma ripoti kama kawaida, vitanda, presha, nani anaruhusiwa leo. Hakutaja chochote. Tulipotoka nje getini ndipo akaniuliza ile mirija nimenunua duka gani, na kama walikuwa nayo mingine.